Dada yangu anaolewa, kamera nimeshikishwa mimi

Shikamoo Somo,

Nina miaka 24, naishi Tanga, na kazi yangu ya kila siku ni duka la stesheni: kutoa kopi, kulamineti vyeti na kupiga picha za paspoti. Ukutani kuna kitambaa cha bluu, mteja anakaa kwenye stuli, nampiga, nachapa, nakata, anaondoka. Kazi hiyo naiweza hata nikiwa na usingizi. Ninachokitaka mimi ni harusi.

Mwaka jana nilinunua kamera ya mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama. Ni Canon ya zamani kidogo yenye lenzi yake ya 18-55, nami nikajinyima nikaongeza ya 50mm. Tangu hapo Jumamosi na Jumapili nafuatana na kaka mmoja anayepiga harusi hapa mjini. Namshikia taa, nabeba begi, nachaji betri, na siku hizi ananiachia nipige viatu, pete, keki na meza. Hanilipi, ananipa nauli na chakula, lakini ananifundisha na sina la kumlaumu.

Sasa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaolewa Mfungo Mosi. Kamati ilikaa nyumbani kwa mama mkubwa, na walipofika kwenye fungu la picha, mjomba akasema, "Picha tulipie za nini na mtoto tunaye?" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa uani nakaanga sambusa, nikaitwa nije nishukuru. Mjomba akaendelea, "Mchango wako wa pesa hatuutaki. Mchango wako ni harusi nzima, kuanzia kusingwa mpaka ukumbini." Hapo hapo shilingi 700,000 zilizokuwa zimetengwa kwa picha zikahamishiwa kwenye mapambo.

Nikatabasamu tu. Ningesema nini? Baba alipofariki, mama mkubwa ndiye aliyenilipia ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Usiku ule mama akaniambia, "Dada yangu hajawahi kukuomba kitu. Hiki ndicho cha kwanza."

Ila naogopa, Somo. Juzi kati, kwenye harusi ya watu wengine, yule kaka alinipa nafasi ya kupiga maharusi wanavyoingia ukumbini. Zangu zilitoka ajabu. Shela jeupe limekuwa la kijivu na uso wa bibi harusi mweusi kama umeme umekatika, na nyingine zina mistari ya giza imekata picha kwa upana. Bahati, na yeye alikuwa anapiga. Akaitazama kamera yangu, akanirudishia bila neno.

Nilipomweleza habari ya dada, akasema, "Wewe bado. Mwambie mama yako mkubwa nitawafanyia kwa laki tano, wewe uwe msaidizi wangu." Nikawaza, huyu ananitakia mema, au anatafuta kazi, au ameona nitampita? Tena timu yake yote ni wanaume, na siku ya kupamba mwanamume haingii. Naingia mimi tu.

Nitakuwa mwongo nikisema sitaki. Hii harusi ni kubwa. Picha zikitoka vizuri nikaziweka Instagram, mji mzima utanijua. Kuzihariri nitazihariri kwenye kompyuta ya dukani, bosi wangu hana neno. Nikikataa, nani tena atanipa harusi nzima?

Kilichonifanya nikuandikie ni dada mwenyewe. Majuzi saa tano usiku alinitumia picha kadhaa za maharusi wa Dar, zile zenye mwanga laini mpaka unaona nyuzi za shela, akaandika: "Za hivi utaweza, eti?" Nikamjibu kwa kicheko. Hajaandika tena.

Kamati inakaa tena Jumapili ijayo. Nifanyeje?

Mpiga paspoti, Tanga

---

Somo anajibu

Marahaba mwanangu,

Nikueleze nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Umepewa kazi mbele za watu, mikono ikiwa na unga wa sambusa, mahali ambapo kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Kazi yenyewe unaitamani na unaiogopa, yote mawili kwa pamoja. Anayekufundisha amesema bado, nawe hujui kama ni mwalimu anayesema au mfanyabiashara. Na nyuma ya yote hayo kuna ada ya miaka minne.

Nimeisoma barua yako mara ya pili nikitafuta nani kasema nini. Mjomba kasema. Mama yako kasema. Yule kaka kasema. Mama mkubwa, ambaye ndiye unayeogopa kumvunja moyo, hajatamka hata neno moja katika barua nzima. Na bibi harusi ametamka manne: za hivi utaweza, eti?

Labda mama mkubwa alipiga makofi pamoja na wengine. Labda alikuwa anajiuliza iwapo pesa zitatosha. Fadhila yake kwako ni ya kweli, wala sikuambii uisahau. Ninachouliza ni kama yeye ndiye aliyeigeuza kuwa deni la picha, au deni hilo limeandikwa na mjomba na kutiwa saini na mama yako. Ni mambo mawili tofauti, na utakayozungumza naye yatategemea ni lipi.

Kuhusu dada yako, sitajifanya najua moyo wake. Inawezekana anakuamini, anakuonyesha tu anachokipenda. Inawezekana pia ana wasiwasi, na anamwonea haya mjomba vilevile unavyomwonea wewe. Kicheko chako kiliwaacha wote wawili gizani.

Sasa tuingie kwenye hilo neno la mjomba, "harusi nzima". Nawe umelirudia bila kulipekua. Hebu tuitembee hiyo siku ya ndoa. Tuseme ndoa inafungwa msikitini baada ya alasiri. Wanaume wamekaa kwenye mkeka, sheikh ameshika mkono wa bwana harusi, maneno yanasemwa, dakika chache kwisha. Wewe uko wapi? Uko nyumbani, chumbani kwa bibi harusi, na ndipo unapotakiwa uwepo. Hata ungekuwa mpiga picha wa miaka ishirini, ndoa ile usingeipiga, kwa sababu huko ndani kwa wanaume huingii na kwa sababu mtu hawezi kuwa mahali pawili. Halafu bwana harusi anakuja na watu wake, kuna vuta nikuvute mlangoni, anaingia kumpa mkono mkewe. Mkitaka kuwapeleka Raskazone kwa picha za ufukweni, mnawahi kabla ya magharibi, na huku kwetu jua likishazama mwanga hauchukui muda kuondoka. Kisha ukumbi.

Kwa hiyo kazi hiyo mila imeshaigawa kabla ya kamati kukaa. Jumapili mtu aulize swali hili kwa upole: msikitini anapiga nani? Nina hakika mjomba hajaliwaza. Atasema kijana fulani atapiga kwa simu. Sawa, lakini hapo "harusi nzima" imeshakuwa nusu, na mlango wa mazungumzo umefunguka bila wewe kukataa chochote.

Nilimsomea barua yako mpiga picha mmoja wa kike ninayemwamini, bila kumwambia inatoka wapi. Alicheka alipofika kwenye shela la kijivu. Anasema wanaoanza karibu wote hupita hapo. Kamera, usipoiongoza, hudhani kila inachokiona kina wastani wa kijivu. Ukiielekeza kwenye shela jeupe lililojaa fremu, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso wa bibi harusi unazama. Ukiielekeza kwenye mabuibui meusi, inafanya kinyume, inaongeza mpaka nyuso zinapauka. Dawa yake ni wewe kuongeza mwanga kwa hatua moja hivi unapopiga jeupe, na kupunguza unapopiga jeusi, halafu uangalie uso kwenye skrini, usiangalie nguo. Upige RAW pia, yaani faili ghafi la kamera, maana JPEG, picha ambayo kamera imeshaikamilisha na kuibana, ikishaharibika nafasi ya kuokoa ni ndogo.

Ile mistari ya giza nayo si mkosi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za kumbini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Shata, kile kilango cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga, ikiwa ya kasi sana inazikamata zikiwa katikati ya kufifia. Anasema ushuke hadi 1/100 ya sekunde na mara nyingi mistari itaondoka. Maharusi wanaoingia ukumbini hawakimbii, hiyo kasi inawatosha.

Nimekueleza haya si ili nikuambie uko tayari. Ulivyoandika inaonekana umezisoma picha zile kama hukumu juu yako, wakati ni matatizo mawili yenye majina na yenye dawa. Swali ni kama utakuwa umeyazoea kabla ya Mfungo Mosi, kiasi kwamba kidole kinafanya bila kufikiri huku matarumbeta yanalia na shangazi amesimama mbele ya lenzi.

Hapo ndipo ninapomrudia yule kaka. Unajiuliza ni mwalimu, mtafuta kazi au mwenye wivu. Kwa nini asiwe yote kidogo kidogo? Anataka kazi, ndiyo, anakula kwa kazi hiyo. Lakini ametaja laki tano pale ambapo kamati yenu ilikuwa imetenga laki saba, na alipokurudishia kamera yenye picha mbovu hakukutukana mbele ya watu. "Bado" yake ni neno fupi mno, mtake alirefushe. Bado nini? Mwanga? Kupanga watu? Kuhimili kelele? Akikutajia mambo mawili matatu ya kufanyia mazoezi, umepata mwalimu. Akibaki na "bado tu", hilo nalo ni jibu.

Njia ulizonazo naziona tatu, na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kuikubali kazi kama ilivyo na kujiandaa kwa nguvu. Watu wengi wameanza hivyo, kwa harusi ya ndugu. Lakini una kamera moja. Ikigoma saa kumi na moja jioni, huna harusi. Utahitaji ya pili, hata ya kuazima, flashi na betri zake za akiba, na kadi kadhaa. Kamera za zamani za aina yako nyingi zina tundu moja tu la kadi, kwa hiyo badilisha kadi katikati ya shughuli, usiiweke siku nzima kwenye moja, na usifute kitu hadi picha ziwe zimehifadhiwa sehemu mbili tofauti. Ile 50mm unayoipenda, kwenye kamera yenye sensa ndogo, yaani kile kipande kinachopokea picha, inakaribia 80mm: inavuta karibu zaidi. Katika chumba cha nyumba ya Ngamiani utarudi nyuma mpaka ugonge kabati na bado hujamwingiza bibi harusi na somo wake. Humo ndani ni 18-55, na kwa kuwa lenzi hiyo haiingizi mwanga mwingi, elekeza flashi kwenye dari jeupe mwanga urudi ukiwa laini. Uani chini ya turubai ujanja huo haufanyi kazi: turubai la bluu litawafanya wote wawe wa bluu. Na hatari kubwa zaidi haihusu vifaa. Picha zikiharibika hutakuwa na wa kusema "bahati, na yeye alikuwa anapiga".

Unaweza kukataa kabisa. Ni haki yako, na wapo watakaokusifu kwa kujijua. Kwenye familia lakini hakutaishia kwenye picha. Kutasemwa kwamba umesomeshwa ukaota mapembe, na mama yako ndiye atakayelala na maneno hayo. Tena pesa zimeshaenda kwenye mapambo. Kama mpambaji ameshapewa chake, dada yako anaweza kubaki hana mpiga picha kabisa. Ukichagua hivyo, basi iwe mapema. Kukataa wiki ya harusi ni jambo jingine.

Au kazi igawanywe pale ambapo mila imeigawa: wewe uchukue kusingwa, hina, kupamba na chumbani, msikitini na ukumbini apige mwingine, pengine huyo kaka kwa bei pungufu, wewe ukiwa mpiga picha wa pili ukumbini. Nakiri moyo wangu unaelekea huku, lakini usinifuate kwa sababu hiyo. Kuna pesa itakayobidi irudi kutoka kwenye mapambo, na kumwomba mjomba abatilishe alichopigiwa makofi si jambo jepesi. Kuna pia suala la jina: ukifanya kazi pamoja na yule kaka, picha zako ni za nani, na utaruhusiwa kuzionyesha kama zako? Hilo mlimalize kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp, kabla hamjabeba begi.

Kuna jambo ambalo umelipita haraka, nami siwezi kulipita. Umesema siku ya kupamba utaingia wewe peke yako, na umesema utazihariri picha kwenye kompyuta ya dukani. Mwanangu, unajua siku ile wanawake wanakaaje. Vichwa wazi, nywele zimetengenezwa, mikono na migongo nje, mke wa mtu anacheza kwa raha zake kwa kuwa anajua aliomo humo ni mwanamke mwenzake. Ndiyo maana siku hizi mlangoni simu zinakusanywa. Sasa picha hizo zikae kwenye kompyuta ambayo bosi anaitumia, na kijana wa kutoa kopi, na mteja anayesubiri vyeti vyake? Hata kama bosi hana neno, wao wanalo. Tafuta laptopu ya kuazima kwa mwanamke, ufanyie kazi nyumbani. Uliza pia albamu itachapwa wapi na nani atakayeziona njiani.

Na hapo ndoto yako ya Instagram inapata kikwazo. Sehemu ya harusi ambayo wewe huna mshindani ndiyo hasa usiyoweza kuionyesha mtu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini sheria ya chumba cha kupamba ni ya zamani kuliko hiyo, na adhabu yake ni kwamba hutaitwa tena. Unaweza kumwomba bibi harusi ruhusa ya vitu visivyo na sura: mikono yenye hina, viatu, asumini kitandani, mshono wa gauni. Mwenzangu yule anasema biashara yake imekua kwa njia hiyo, kwa wanawake kuambiana kwamba kadi zake hazivuji. Sikuahidi itakuwa hivyo kwako. Lakini kama ulikuwa unakubali kazi hii ya bure ukitegemea picha zitakutangaza, hesabu upya.

Umenifanya nicheke pia, maana harusi yangu mimi ilipigwa kwa filamu, roli moja ya picha 36, na bwana yule, fundi anayejulikana, akaimaliza kabla ya keki. Keki yetu hadi leo ni ya kusimuliwa tu. Wageni waliokula wameisahau. Mimi sijaisahau, lakini siwezi kusema imenipunguzia ndoa.

Kabla ya Jumapili nenda kwa dada yako alasiri moja, bila mjomba na bila kamati. Nenda na kamera na lenzi zote mbili. Mkalishe karibu na dirisha la chumba hicho hicho atakachopambiwa, mfunike kitambaa cheupe, umpige kama vile siku imefika. Mpige na flashi, mpige bila flashi. Kisha mkae kitandani mtazame skrini pamoja, na zile picha za Dar zikiwa wazi kwenye simu yake. Hapo swali lake litapata jibu, naye atakuambia anataka nini, au utamwona usoni. Mama mkubwa akiwa nyumbani, mpitie naye, umweleze unaogopa nini na unatamani nini. Mjomba aambiwe mwisho, na ikiwezekana aambiwe na mama mkubwa.

Niandikie ilivyokwenda, na uniambie waliamua nani apige msikitini.

Somo wako